Kuanzia Mkiani: Nasaha kwa Mswahili Ajifunzaye Kituruki

Msemaji wa Kiswahili aazimuye kujifunza Kituruki, awe mwanafunzi aliyepata ufadhili wa kusoma Ankara, au mfanyabiashara aendaye Istanbul kufungasha nguo, au mtazamaji wa tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili ambaye sasa ana hamu ya kuzisikia sauti zenyewe za asili, aghalabu huanza na kitabu kilichotungwa kwa ajili ya watu wengine. Mtungaji wake alikuwa akiwafikiria Waingereza au Wajerumani, na kwa hiyo humwonya msomaji tangu ukurasa wa mwanzo kwamba atakutana na ajabu kubwa, yaani lugha ambayo shina la neno hufuatwa na viambishi vinne, vitano au zaidi, vyote vimeshikamana, hata neno moja likawa na maana ya sentensi nzima. Mwingereza anayo haki ya kustaajabu. Mswahili, ambaye kila siku husema hatukuandikiana na watakapotufikia bila kuona kwamba ametenda muujiza, hana haki hiyo, na akistaajabu pamoja na Mwingereza hujitwisha mashaka yasiyokuwa yake.

Nasaha yangu ni kwamba Mswahili auingie Uturuki kwa mlango wake mwenyewe, na mlango huo uko mwishoni mwa neno. Tazama sentensi hii: Çocuk okula yazdırılmadı, maana yake, mtoto hakuandikishwa shuleni. Tulipasue neno lake la mwisho. Yaz ni shina, nalo ni andika, dır ni kiambishi cha kutendesha, ıl ni kiambishi cha kutendwa, ma hukanusha, dı huonyesha wakati uliopita. Kisha tulipasue neno letu tangu shina kwenda mbele, nalo litatupa andik, ish, w. Shina kwanza, kutendesha pili, kutendwa tatu: taratibu ni ile ile katika lugha mbili ambazo si ndugu wala jamaa, kwani Kiswahili ni cha ukoo wa Kibantu na Kituruki kimetoka katika nyanda za Asia ya Kati. Hata fikra ya kwamba kumpeleka mtoto shule ni kumfanya aandikwe imekuwa moja. Tofauti inaanza katika kile kilichobaki, yaani kukanusha na wakati, ambavyo sisi tumevitanguliza mbele ya shina, ha- na -ku-, ilhali wao wameviweka nyuma, ma na dı.

Basi hiyo ndiyo habari yote kwa ufupi, na yaliyosalia ni maelezo yake. Katika Kituruki shina ni imamu, na viambishi ni maamuma waliojipanga safu nyuma yake. Hakuna amtanguliaye, wala hakuna aondokaye katika safu yake kwenda kusimama katika safu ya mwenzake. Katika kitenzi, safu ya kwanza ni ya kauli, yaani kutendesha, kutendwa, kutendana. Ya pili ni ya kukanusha. Ya tatu ni ya wakati. Ya mwisho ni ya nafsi, mimi, wewe, sisi. Katika jina, wingi hutangulia, kisha mwenye mali, kisha mahali. Ev ni nyumba. Evler, nyumba nyingi. Evlerimiz, nyumba zetu. Evlerimizden, kutoka katika nyumba zetu. Ajuaye safu hizi kwa moyo ataweza kulipasua neno asilopata kuliona maishani mwake, na asiyezijua atakariri orodha ndefu za maneno na kuzisahau.

Zoezi la kwanza ninalolipendekeza ni kushika shina moja na kulinyambua kama mwalimu wetu wa darasa la nne alivyotunyambulishia piga na pigana. Görmek ni kuona. Görülmek ni kuonwa, görünmek ni kuonekana, görüşmek ni kuonana, na kuonyesha ni göstermek, neno lililoiacha kanuni kidogo, kama onyesha yetu nayo ilivyojitafutia ny isiyokuwa katika ona. Anlamak ni kuelewa. Anlaşmak ni kuelewana, na kwa hiyo pia kupatana na kuwekeana mkataba. Anlaşılmak ni kueleweka. Anlatmak, kumfanya mwingine aelewe, ndiko kueleza. Ölmek ni kufa, öldürmek ni kuua, na öldürülmek ni kuuawa. Mwanafunzi akiwa na mashina ishirini ya namna hii katika daftari lake, shina moja kwa ukurasa mmoja, huwa na utajiri mkubwa kuliko aliyekariri maneno mia mbili yasiyojuana.

Jambo la pili ambalo vitabu huwatisha watu kwalo ni upatanifu wa irabu. Kituruki kina irabu nane. Nne hutamkwa nyuma ya kinywa, nazo ni a, ı, o, u. Nne hutamkwa mbele, nazo ni e, i, ö, ü. Ile ı isiyo na nukta hutamkwa kwa kutia nia ya kusema u huku midomo imetandazwa. Ö ni e iliyosemwa kwa midomo iliyoviringwa, na ü ni i iliyosemwa hivyo hivyo. Kanuni ni kwamba kiambishi hufuata irabu ya mwisho ya neno kinalojiunga nalo. Wingi wa ev ni evler, lakini wingi wa oda, chumba, ni odalar. Wingi wa göz, jicho, ni gözler, lakini wa kuş, ndege, ni kuşlar. Viambishi vyenye irabu nyembamba huwa na sura nne badala ya mbili: nyumba yangu ni evim, binti yangu ni kızım, jicho langu ni gözüm, ndege wangu ni kuşum.

Msomaji atasema kwamba hili halimo katika lugha yake. Limo. Kwa nini tunasema pigia, lalia na fungia, lakini tunasema somea na endea? Kwa sababu shina lenye e au o huivuta irabu ya kiambishi iwe e, na shina lenye a, i au u huiacha iwe i. Hakuna Mswahili aliyepata kusema somia, wala hakuna aliyepata kufundishwa asiseme. Sikio ndilo lililomfundisha. Kwa hiyo usijifunze upatanifu wa irabu kwa jedwali. Soma kwa sauti, soma hadithi fupi na matangazo ya dukani na maandishi ya vituo vya treni, mpaka evlar ikuudhi sikioni kama somia ikuudhivyo sasa. Kiambishi kimoja mashuhuri huivunja kanuni, nacho ni -iyor cha wakati uliopo, ambacho irabu yake ya mwanzo hubadilika ila o yake haibanduki: geliyor, anakuja, bakıyor, anatazama, görüyor, anaona.

Hapa panafaa neno juu ya maandishi na msamiati, kwani Mswahili ana akiba nyingine asiyoijua. Tarehe 1 Novemba 1928 Jamhuri ya Uturuki, chini ya Mustafa Kemal Atatürk, ilipitisha sheria ya kuacha herufi za Kiarabu na kushika alfabeti ya Kilatini yenye herufi 29, na msomaji azoee tangu mwanzo kwamba c husomwa kama j yetu, ç kama ch, ş kama sh, na ğ aghalabu haisikiki ila kwa kuirefusha irabu iliyoitangulia. Akiisha kuzoea hivyo atawakuta jamaa wa zamani wamevaa nguo ngeni: kalem, dünya, haber, sabun, dakika, asker, hesap, cevap, fikir, vakit. Ni kweli kwamba Shirika la Lugha la Uturuki, lililoasisiwa mwaka 1932, lilifanya bidii kubwa ya kuyatoa maneno ya Kiarabu na Kiajemi na kuweka mengine ya asili ya Kituruki mahali pake, hata cevap ikapata mshindani wake yanıt, na hikâye ikapata öykü; lakini yaliyosalia vinywani mwa watu ni mengi, na mengine husemwa pamoja na wapinzani wake.

Akiba hiyo haina faida ya msamiati peke yake, bali ya nahau pia, na sijaona kitabu kilichomwambia Mswahili hivyo. Kituruki hakipendi neno liishie kwa b, d, c au g, kwa hiyo kitabu kimekuwa kitap. Lakini kiambishi chenye irabu kikija, b hurudi: kitabım, kitabu changu. Mwingereza hana njia ya kujua ni p ipi itakayogeuka, naye hulazimika kukariri neno baada ya neno. Wewe uliza Kiswahili chako. Hesap, hesabı, kwa sababu ni hesabu. Cevap, cevabı, kwa sababu ni jawabu. Sebep, sebebi, kwa sababu ni sababu. Renk, rengi, kwa sababu ni rangi. Kadhalika vakit, fikir na akıl huipoteza irabu yao ya pili zikipata kiambishi chenye irabu, zikawa vakti, fikri, aklı, kwa kuwa irabu hiyo haikuwamo katika Kiarabu, bali Waturuki waliitia ili kuurahisishia ulimi, kama sisi tulivyotia zetu katika wakati na akili. Na maneno machache ya asili hiyo hukataa upatanifu: saat huwa saatler, wala si saatlar, harf, ambayo ni herufi, huwa harfler, hayo hayana dawa ila kuyazoea.

Nije sasa kwenye jina na jamaa zake. Tunasema babangu, babako, babake. Mwanangu, nduguye, mkewe. Waturuki husema babam, baban, babası, na wao hawakomi katika jamaa tu, bali hufanya hivyo kwa kila kitu, hata kwa nyumba na kalamu na deni. Yaani kile ambacho Kiswahili cha pwani kimekihifadhi kwa watu wa karibu, Kituruki kimekieneza kwa ulimwengu wote. Kwa hiyo babam ndiyo iwe mfano wako, na mengine yote yaje nyuma yake.

Kuhusu mahali, tunacho kiambishi kimoja chenye kazi nyingi, -ni, nasi husema niko nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani, tukikiachia kitenzi kazi ya kubainisha. Kituruki hakimwachii kitenzi. Niko nyumbani ni evdeyim. Naenda nyumbani ni eve gidiyorum. Natoka nyumbani ni evden çıkıyorum. De ya kukaa, e ya kuelekea, den ya kutoka: hizi tatu uzifundishe ulimi wako katika wiki ya kwanza, na uzifundishe pamoja na vitenzi vyake, kwa sababu kila kitenzi kina chaguo lake ambalo halitabiriki kwa Kiswahili. Sisi tunamwogopa mbwa. Wao huogopa kutoka kwa mbwa, köpekten korkmak. Sisi tunapanda basi. Wao huelekea basi katika kupanda, otobüse binmek. Sisi tunamtazama mtu. Wao humwelekea, ona bakmak. Uandikapo kitenzi daftarini, andika na kiambishi kinachokihitaji, au utalijua neno na usiweze kulitumia.

Mtu akiyasikia haya huuliza kama hakuna utata. Upo. Evinde yaweza kuwa nyumbani mwako, ev-in-de, na yaweza kuwa nyumbani mwake, ev-i-n-de, ambapo n ya pili haina maana ila kuziba pengo kati ya irabu ya mwenye mali na kiambishi kifuatacho. Waturuki wenyewe, wakihofia kueleweka vibaya, hutia kiwakilishi mbele, senin evinde, onun evinde, na shauri likaisha. Ama kuwa na kitu, hawana kitenzi chake. Husema kitabu changu kipo, kitabım var, au hakipo, kitabım yok, na maneno haya mawili mafupi, var na yok, mgeni atayasikia madukani asubuhi hadi jioni.

Uhusiano wa majina mawili unataka kuangaliwa zaidi, kwani ndipo wengi wanapokwama. Kitabu cha Ali ni Ali'nin kitabı: Ali amepewa kiambishi cha mwenye mali, na kitabu kimepewa kiambishi cha chake, kana kwamba tunasema wa Ali kitabu chake. Lakini jina la kwanza likiwa halimtaji mwenye mali, ila laeleza aina, kiambishi chake huanguka na cha pili hubaki. Kadının ayakkabısı ni kiatu cha yule mwanamke tunayemjua. Kadın ayakkabısı ni kiatu cha kike, cha aina hiyo, kilichowekwa dirishani kumngoja mnunuzi yeyote. Sisi hutumia -a unganifu kwa yote mawili na kuiacha akili ichague. Mfanyabiashara mwenye kuagiza mzigo wa viatu asidharau silabi hiyo moja.

Na katika mlango huu pana mgeni aliyekaa kwetu zamani bila kuulizwa asili yake. Mwaka 1889 Hermann Wissmann, alipounda jeshi la Wajerumani katika pwani ya Tanganyika, aliandikisha Wasudani kutoka Misri, nao walikuja na vyeo vya jeshi la Misri, ambavyo vilikuwa vya Kituruki: shaushi, ambaye ni çavuş, na ombasha, ambaye ni onbaşı. On ni kumi, baş ni kichwa au mkuu, na ı ya mwisho ndiyo ile ile ya ayakkabısı: kumi, mkuu wake. Bimbashi wa jeshi la Misri naye ni binbaşı, mkuu wa elfu. Polisi wetu mpaka leo huitana afande, neno litokanalo na efendi, na ukifika Istanbul ukamwita mtu naye asikusikie vizuri, atakujibu efendim, yaani bwana wangu, mahali pale ambapo sisi tungejibu naam.

Juu ya sifa na hesabu sina maneno mengi, kwa kuwa hapa Kituruki ni chepesi kupita kiasi. Ngeli hakuna. Vitabu vitatu vikubwa ni üç büyük kitap, na kitabu hakikupata hata wingi, maadamu tatu imekwisha kusema. Mswahili hutaabika kwa wiki chache akitafuta cha kupatanisha, kisha hutulia. Yeye wa kike na yeye wa kiume ni o, neno moja, kama kwetu. La kufurahisha ni kwamba hata kutia mkazo kumegeuzwa nyuma mbele: sisi husema nyeupe pe na nyeusi ti, mkazo ukija baada ya sifa, nao husema bembeyaz na simsiyah, mkazo ukitangulia, kana kwamba wamekata shauri kutukhalifu hata katika madogo.

Nimefika kwenye sentensi, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie. Kitenzi cha Kituruki hukaa mwisho. Kila kilicho cha kueleza hutangulia kile kielezwacho: sifa kabla ya jina, mwenye mali kabla ya mali, na kishazi cha sifa, hata kiwe na maneno kumi, kabla ya jina lake. Tazama: Dün İstanbul'dan gelen tüccarın sattığı kumaşı annem beğenmedi. Mwanafunzi huanza na dün, jana, na akifika katikati amekwisha kupotea, kwa sababu hajui bado jana ni ya nini. Sasa na aisome tangu mwisho kurudi mwanzo, neno kwa neno. Beğenmedi, hakukipenda, annem, mamangu, kumaşı, kitambaa kile, sattığı, alichokiuza, tüccarın, tajiri, gelen, aliyekuja, İstanbul'dan, kutoka Istanbul, dün, jana. Hakukipenda mamangu kitambaa alichokiuza tajiri aliyekuja kutoka Istanbul jana. Hicho ni Kiswahili fasaha, tena cha pwani, wala hatukuhamisha hata neno moja.

Nisieleweke kwamba ninamshauri mtu asome lugha kinyumenyume daima. Hiyo ni ngazi ya kupandia, na apandaye huiacha. Lakini kwa miezi ya mwanzo, sentensi ndefu ikikushinda, shika kitenzi cha mwisho, uliza nani, uliza nini, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Na katika safari hiyo angalia viambishi viwili ambavyo ndivyo wenzo wa kishazi cha sifa. -An, au -en, ni ya mtenda: gelen tüccar, tajiri aliyekuja. -Dık, pamoja na kiambishi cha mwenye mali, ni ya mtendwa: sattığı kumaş, kitambaa alichokiuza, ambapo mtenda amegeuzwa kuwa kama mwenye mali, tüccarın, kana kwamba kuuza kwake ni mali yake. Mswahili ameyajua haya tangu utotoni katika asomaye na akisomacho, ila yeye huingiza -ye na -cho ndani ya kitenzi akaiacha sentensi ikienda mbele.

Umeona pia ile ı katika kumaşı. Ukisema kumaş sattı, aliuza vitambaa, unasema juu ya biashara yake tu, na kitambaa chochote chaweza kuwa kimeuzwa. Ukisema kumaşı sattı, alikiuza kile kitambaa, tunachokijua mimi na wewe. Wazungu hupata shida kubwa na kiambishi hiki. Wewe jiulize kama katika Kiswahili ungetia -ki- katika kitenzi ili kukitaja kitambaa kinachojulikana. Ukiona ungetia, aghalabu Kituruki nacho kitataka ı. Ninasema aghalabu, kwa sababu Kiswahili hutia -m- na -wa- kwa watu karibu kila mara, hata wasiojulikana, na hapo kipimo hiki hulegea.

Mahali palipo karibu kabisa na kitenzi, mbele yake tu, ndipo pa heshima, panapokaa neno lenye kubeba mkazo. Bu mektubu bana Ali yazdı: Ali ndiye aliyeniandikia barua hii, wala si mwingine. Ali bu mektubu bana yazdı: barua hii Ali aliniandikia mimi. Sisi hufanya hivyo kwa ndiye na ndiyo. Wao hufanya kwa kiti. Kile kijineno cha kuuliza, mi, ambacho huandikwa mbali lakini hutii upatanifu wa irabu, hufuata kanuni hiyo hiyo: Ali geldi mi? ni, je, Ali amekuja? Ali mi geldi? ni, je, ni Ali aliyekuja?

Simulizi nayo ina siri yake. Tunaposema nilikwenda sokoni, nikanunua mkate, nikarudi nyumbani, kitenzi cha kwanza hubeba wakati na vilivyobaki huburutwa na -ka-. Kituruki hufanya hivyo kwa kinyume: Çarşıya gidip ekmek alıp eve döndüm. Gidip na alıp, zenye -ip, hazina wakati wala nafsi. Wakati na nafsi vyote viko katika döndüm, nilirudi, na mpaka ulifikie neno hilo hujui ni nani aliyekwenda wala ni lini. Ndiyo maana asikilizaye Kituruki hana budi kuvuta subira, asikate kauli ya mwenzake katikati, kwa kuwa aliyeikata ameikata kabla ya kujua mtenda. Kadhalika -ki- yetu ya wakati mmoja, akija, akienda, ina mwenzake -ken: gelirken, giderken.

Kiambishi kimoja kina ladha yake. Ali geldi, Ali alikuja, nami nilimwona au nina yakini; Ali gelmiş, Ali amekuja, kumbe, au ndivyo nilivyosikia, nami sikuwapo. Ile -miş hufanya kazi ya kumbe yetu na ya ati yetu kwa pamoja, na hadithi za watoto husimuliwa kwayo tangu neno la kwanza, kwa sababu msimulizi hakuyashuhudia mambo ya majini na wafalme. Mgeni atumiaye -di kwa jambo alilolisikia tu mtaani atachukuliwa kuwa ni shahidi, na yamkini akaulizwa alikuwa amesimama wapi.

Katika maneno ya Kiarabu angalia tofauti hii. Kiswahili kiliyageuza kuwa vitenzi moja kwa moja, tukapata kukubali, kushukuru, kuzuru. Kituruki hulichukua jina la Kiarabu likiwa zima na kulipa kitenzi cha kulitumikia, etmek, kufanya: kabul etmek, teşekkür etmek, ziyaret etmek. Viambishi vyote hukipata etmek, na neno la Kiarabu hukaa mbele bila kuguswa. Jihadhari na ndugu wa uongo: misafir si msafiri bali ni mgeni wa nyumbani, na merhaba si jibu la shikamoo bali ni salamu ya kuanzia, ambayo kijana wa Izmir humtolea hata mtu mzima bila kukusudia utovu wa adabu. Adabu yao iko kwingine, katika siz, ninyi, ambayo mtu mmoja huambiwa kwa heshima, pamoja na kiambishi chake mwisho wa kitenzi: geliyorsunuz, mwaja, badala ya geliyorsun, waja. Kwa mtu mzima, kwa muuza duka na kwa karani wa ofisi, shika siz mpaka mwenyewe akuruhusu kuiacha.

Limebaki suala la kamusi. Anayetafuta watakapotufikia katika kamusi ya Kiswahili hana budi kwanza kulivua viambishi vya mbele mpaka alione fika; kamusi ya Kituruki haina taabu hiyo, kwa kuwa shina husimama mbele daima, nawe huweza kufungua ukurasa kwa herufi ya kwanza uionayo. Taabu iko katika mwisho wa shina, pale linapoguswa na kiambishi. Kitabı itafute kwenye kitap, çocuğun kwenye çocuk. Vitenzi vichache vitumikavyo sana hubadilika hivyo hivyo: gidiyor ni ya gitmek, ediyor ni ya etmek. Vifupi kabisa, demek, kusema, na yemek, kula, hubakiwa na herufi moja tu mbele ya -iyor, diyor na yiyor, na hivi viwili ni bora uviandike katika jalada la daftari lako, kwa sababu utavihitaji kila siku na kamusi haitakuonyesha vilipo.